Ekari tano za msitu wa marehemu baba: je, zinaweza kutoa mbao, maji, asali na pesa za kaboni kwa pamoja?

SWALI: Mimi ni askari mstaafu. Nimerudi nyumbani Kikuube, magharibi mwa Uganda, kwenye ardhi ya marehemu baba, ekari 14. Karibu ekari tano ni msitu wa asili unaofuata kijito. Ndani kuna miti ya musizi, mivule michache na mahogani. Iliyobaki ni mahindi, muhogo na ndizi. Mdogo wangu mmoja anataka tukate msitu wote tupande miwa. Mwingine anasema tupande kalitunsi, yaani mikaratusi. Amekuja pia kijana mmoja wa pesa za kaboni, yaani malipo ya hewa ukaa inayohifadhiwa na miti, anasema tukiiacha miti tutalipwa kila mwaka. Mke wangu anachota maji kwenye chemchemi iliyo humo ndani, na humohumo ndimo wanamotoka nyani na sokwe wanaokula mahindi yetu. Kwenye semina tuliambiwa msitu mmoja unaweza kutoa mbao, kuni, maji, asali na pesa za kaboni kwa pamoja. Ni kweli, au ni maneno ya semina tu? Na nikiuandikisha msitu, serikali haitauchukua?

JIBU:

Afande, karibu nyumbani, na pole kwa uliyoyakuta. Kustaafu halafu ukakuta mgogoro wa ardhi umekaa sebuleni unakusubiri, wengi wa nchi hii wanalijua hilo.

Nikikusoma vizuri, unaogopa kukaa na msitu ukingojea faida zilizohubiriwa semina, huku wadogo zako wakidai chao, na mwisho wa yote usipate hata moja. Hofu hiyo ina msingi. Msitu wako unaweza kutoa vyote ulivyovitaja, ila hauwezi kutoa kila kimoja kwa wingi, kutoka kila kipande cha ardhi, katika mwaka uleule. Ukivuta sana faida moja, nyingine inapungua. Kwa hiyo kazi ya mwenye msitu ni kuamua wapi faida ipi itangulie na ipi ingoje. Semina nyingi huishia kwenye habari njema kwa sababu ndiyo inayopigiwa makofi.

Tuanze na muda, maana hapo ndipo ndugu hugombana. Chemchemi hutoa kila siku, kuni kila wiki, asali kila baada ya msimu wa maua. Kalitunsi hutoa nguzo ndani ya miaka minne hadi sita. Musizi wa kupasua mbao unataka miaka ishirini na zaidi. Mahogani unayoipanda leo ni ya mjukuu wako. Miwa mipya huvunwa baada ya takriban miezi 18, kisha machipukizi yake huvunwa tena na tena. Mdogo wako anayetaka miwa hakuzidi wewe kwa tamaa. Ana karo ya shule mwakani. Ukimwambia angoje mahogani ni kama umemwambia angoje kaburi. Ndiyo maana nasema mpango wowote usio na kitu cha kuuza ndani ya miaka mitano ya kwanza usiupeleke kabisa kwenye kikao cha familia.

Sasa nikueleze yaliyotokea msitu wa Budongo, kule Masindi, kwa sababu pale unaona wazi faida moja inavyoweza kuzimeza nyingine. Viwanda vya kupasua mbao vilianza kazi humo miaka ya 1920, na kilichotafutwa zaidi ni mahogani. Miaka ya 1950 na 1960 maafisa wa misitu walifika mahali pa kutia sumu miti waliyoiona haina soko, ili mahogani ipate mwanga. Mikuyu ilikuwa miongoni mwa waliouawa. Baadaye, mwaka 1994, Andrew Plumptre na Vernon Reynolds walichapisha utafiti uliolinganisha vitalu vilivyovunwa mbao na Nyakafunjo, kipande ambacho hakikuwahi kuvunwa. Mbega na kima walikuwa wengi zaidi kwenye vitalu vilivyovunwa. Wengi hushangaa wakisikia hivyo. Sababu ni muhimbi, ule mti mgumu unaotawala msitu wa Budongo ukishazeeka. Ulipopunguzwa, nafasi yake ilishikwa na mchanganyiko wa miti yenye matunda.

Kwa hiyo kukata mti kwa kiasi hakuui msitu, na wakati mwingine kunawaongezea chakula baadhi ya wanyama. Lakini tazama na ile mikuyu. Kwenye daftari la mbao mkuyu hauna thamani. Msituni unazaa wakati miti mingine haina kitu, na ndio unaowafanya hondohondo na sokwe wasihame. Hondohondo ndiye anayemeza tunda la musizi na kwenda kuidondosha mbegu mbali. Ukimwondolea chakula cha kiangazi, umemfukuza mpandaji wako wa musizi asiyekudai mshahara. Ndani ya ekari zako tano, mkuyu ni mti wa kwanza kuuwekea alama ya usikatwe, ingawa mpasua mbao atakuambia unapoteza nafasi bure.

Kuna kosa la upande wa pili, nalo ni la watu wazuri: kuzungushia msitu waya na kuuacha, ukiamini utajitunza. Zamani, msitu ulipokuwa umeungana kutoka Bugoma hadi Budongo, labda. Kipande cha ekari tano kilichozungukwa na mashamba kina kingo nyingi, na ukingo ndio mlango wa mimea vamizi. Budongo yenyewe inasumbuliwa na Senna spectabilis, mti mgeni wenye maua ya njano yanayopendeza kweli. Ukiukata kwa panga, kisiki kinachipua mashina mengi pale palipokuwa na moja. Miche yake ing'oe na mizizi ardhi ikiwa mbichi. Mikubwa iambue gamba pande zote, kuanzia usawa wa kiuno hadi chini kabisa udongoni, kisha rudi kila baada ya miezi michache kuvunja machipukizi. Ukiacha hata utepe mwembamba wa gamba, mti utapitishia chakula chake hapo na utapona.

Tuje kwenye maji, kwa sababu naona mkeo ndiye mtumiaji mkubwa wa msitu huu na hakuna aliyemuuliza. Wengi husema miti huleta maji. Ukweli ni kwamba mti hunywa maji, na mengi. Kinachoiokoa chemchemi ni udongo ulio chini ya miti: majani yaliyooza, mizizi, matundu ya mchwa na nyungunyungu. Mvua ya nguvu ikishuka, udongo huo huyameza maji na kuyaachia polepole hadi kiangazi. Ukikata msitu, huenda mwaka wa kwanza ukaona maji yanaongezeka kijitoni kwa kuwa wanywaji wameondoka. Wapo waliodanganyika hapo. Kisha udongo unashikamana kwa jua, kwato na matone ya mvua. Maji yanaanza kupita juu kwa juu yakibeba tope, kijito kinafurika Oktoba na kufa Januari.

Usiniamini mimi, pima mwenyewe. Tafuta kopo kubwa la maziwa ya unga, likate pande zote mbili libaki kama bomba. Ligonge ardhini hadi theluthi yake izame, mimina lita moja ya maji, tazama saa. Fanya hivyo msituni baada ya kusogeza majani makavu, kisha katikati ya mahindi, kisha kwenye njia ya ng'ombe. Msituni maji yatazama ukiwa bado umeinama. Kwenye njia ya ng'ombe utakwenda kunywa chai urudi uyakute yamesimama, rangi ya kahawia. Wadogo zako wawepo mkipima. Kopo hilo linasadikika kuliko mimi.

Na mvua? Ekari tano hazivuti mvua. Misitu mikubwa, hasa ule wa bonde la Kongo, hurudisha unyevu mwingi angani, na sehemu ya mvua yetu inatokana na unyevu huo. Kipande chako ni tone katika hilo. Mtu akikuahidi kwamba ukiuacha msitu wako kijiji kitapata mvua, amekuahidi kitu ambacho wewe peke yako huwezi kukitoa.

Kalitunsi nao umesingiziwa mengi, na mengine ni ya kweli. Hunywa maji kwa sababu hukua haraka. Mti uongezao mwili kwa kasi hiyo lazima unywe. Ukiupanda bondeni, karibu na chemchemi, mkeo ataona tofauti. Ukiupanda juu mlimani kwenye kipande kikavu kilichochoka, mbali na kijito, utakupa kuni, fito na nguzo kuliko mti wowote wa asili kwa muda huo, na ukikatwa unachipua tena. Mimi siupingi. Napinga kuuweka mahali pa msitu wa asili, kwa sababu hapo unabadilisha faida nyingi kwa moja. Uweke pale ambapo kila kuni unayoitoa kwake inaokoa mti wa asili usikatwe.

Sasa tugawe ardhi. Anza na kijito na upande kwenda juu. Kanuni za mwaka 2000 za kulinda ardhi oevu, kingo za mito na ufuo wa maziwa zinaweka ukanda wa hifadhi wa mita 100 kwa mito mikubwa iliyoorodheshwa na mita 30 kwa mingine, kutoka pale maji yanapofika yakijaa kabisa. Kama kijito chako kinapita katikati ya ardhi yako, mita 30 kila upande zinakuwa ukanda wa mita 60. Kila mita 100 za urefu zinachukua hekta 0.6, karibu ekari moja na nusu. Kijito kikipita mita 200 ndani ya mpaka wako, basi ekari tatu kati ya tano mnazogombania zimeshapangiwa kazi na sheria. Hapo hapalimwi miwa wala kalitunsi, na anayekuambia vinginevyo hatakuwepo siku wakaguzi wa mazingira watakapofika. Ukanda huo ni wa maji na mikuyu. Mizinga inaweza kukaa humo.

Ekari mbili zinazobaki za msitu ndizo za mbao, na hapa nakuomba uwe mgumu. Sheria yangu kwa kila mwenye msitu mdogo: kabla hujakata mmoja, nionyeshe watoto wake. Ukitaka kuangusha mahogani mkubwa, tafuta chini yake na pembeni miche na vijana wa mahogani wenye afya. Kama hawapo, mti huo ni mzazi wa mwisho. Akianguka, ukoo umekwisha. Kama wapo, kuanguka kwake kutawafungulia mwanga, na umefanya kazi ya msitu na ya mfuko kwa pigo moja. Ekari mbili hazitakupa mbao kila mwaka. Zitakupa mti mmoja au miwili kila baada ya miaka kadhaa, ya kujenga nyumba au kulipia jambo kubwa. Usimuuzie mnunuzi mti ukiwa umesimama kwa bei ya kukadiria kwa macho. Yeye anajua zitatoka mbao ngapi, wewe hujui. Pata kibali kwa afisa misitu wa wilaya, mpangie mpasuaji kwa kazi yake, kisha uza mbao. Bila karatasi za kusafirishia, zitaishia kizuizini barabarani hata kama mti ulikuwa wako tangu enzi ya baba.

Kwenye pengo unaloliacha, pandikiza. Usipande mahogani peke yake uwanjani kwenye jua. Kuna kiwavi anayetoboa kichipukizi cha juu: utaona unga kama wa msumeno umegandia kwenye utomvu, ncha imekuwa nyeusi, na chini yake mti unatoa matawi kila upande. Shina halinyooki tena, na mbao umeikosa. Mvule nao una mdudu wake, anayefanya vinundu vya kijani kwenye majani machanga, vinavyopasuka na kuozesha ncha. Wote wawili hushambulia zaidi miche ya aina moja iliyosongamana. Itawanye, mmoja hapa, mwingine hatua kumi na tano kule, katikati ya musizi na vichaka, ikipata kivuli cha pembeni na mwanga wa juu. Hapa, kwa mara moja, linalofaa kwa ndege ndilo linalofaa kwa mbao.

Ukingo wa msitu ni sehemu ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu ndiyo itakayokuletea pesa mapema. Weka kahawa pale, mstari mpana unaofuata msitu, ekari moja kwa kuanzia. Robusta ni mwenyeji wa misitu yetu. Bado inaota yenyewe porini katika misitu ya magharibi ya nchi. Ua lake haliwezi kujizalisha kwa chavua ya mti wake wenyewe, linahitaji chavua ya mti mwingine, inayoletwa na upepo na nyuki. Nyuki wa msituni na wa mizinga yako watafanya kazi mbili: asali kwako, punje zaidi kwenye matawi. Kwa kivuli tumia miti ya mutuba na mugavu, kwa umbali mzuri. Musizi usiulundike ndani ya kahawa, maana yule mdudu mweusi anayetoboa vijiti vya kahawa huishi hata kwenye miti mingine, na musizi ni mmojawapo. Kahawa iliyotunzwa huanza kuzaa mwaka wa tatu hivi. Ndiyo utakayomwonyesha mdogo wako.

Kisha kalitunsi, ekari moja au moja na nusu, kwenye kona kavu ya juu. Chakula kinachukua sehemu kubwa iliyobaki. Na mdogo wako wa miwa? Mpe ekari mbili za shamba la zamani la mahindi alime miwa yake. Nasema hivyo ingawa najua wahifadhi wenzangu watanikunjia uso. Ndugu aliyenyimwa kila kitu huja na msumeno wa mashine usiku. Sharti liwe moja: miwa isikaribie msitu, na kati yao pawe na njia pana iliyolimwa safi, maana moto wa kuchoma majani ya miwa hauulizi mpaka. Kwa hesabu ya shilingi tupu ya miaka mitatu ya mwanzo, huenda miwa ikaushinda msitu, na sitakuficha hilo. Isipokuwa hesabu hiyo haimhesabu mkeo akitembea na jerikani kwenda kijiji cha pili.

Kuni zilizokauka na matawi ya kalitunsi yatatosha jiko lako. Mkaa wa miti ya asili uache. Tanuri la udongo la kawaida hula takriban kilo tano hadi kumi za kuni kutoa kilo moja ya mkaa. Ni njia ya hasara kuliko zote za kuuza mti.

Sasa kijana wa kaboni. Simwiti tapeli, ila anauza kitu ambacho wengi hawakielewi. Anayenunua kaboni hulipia mabadiliko: kaboni ambayo isingekuwepo miti isingepandwa, au ambayo ingepotea msitu usingelindwa. Mpango unaoendeshwa na shirika la ECOTRUST tangu 2003, ulioanzia upande wa Bushenyi, huwalipa wakulima wanaopanda miti, hasa ya asili, kwa awamu katika miaka kumi, kadiri miti inavyokaguliwa na kuonekana hai. Msitu uliosimama tayari ni habari nyingine. Kuthibitisha kwamba ungekatwa na kupima kila kilichomo ni gharama ambayo ekari tano haziwezi kuibeba peke yake. Mara nyingi mnahitaji kuwa kundi la wenye misitu.

Na kuna jaribio lililofanyika hapohapo kwenu. Kati ya 2011 na 2013, Kikuube ikiwa bado sehemu ya Hoima, vijiji 121 vya Hoima na Kibaale viliingizwa kwenye utafiti. Katika vijiji 60, vilivyochaguliwa kwa bahati nasibu, wenye misitu waliahidiwa shilingi 70,000 kwa hekta kwa mwaka wakiacha kufyeka. Matokeo yalichapishwa 2017: vijiji visivyolipwa vilipoteza asilimia 9.1 ya miti, vilivyolipwa asilimia 4.2. Kwa hiyo malipo yanafanya kazi. Lakini piga hesabu yako: ekari tano ni hekta mbili, yaani shilingi 140,000 kwa mwaka, na malipo yale yalidumu miaka miwili tu. Zichukulie pesa za kaboni kama chumvi ya mboga. Mtu akikuahidi zitakuwa mboga yenyewe, muulize maswali haya mbele ya mashahidi: masharti yanadumu miaka mingapi baada ya malipo ya mwisho? Moto ukiunguza, hasara ni ya nani? Nikifa, mrithi anafungwa na mkataba? Mkataba uko katika lugha ninayoisoma? Akidai ada ya kujiandikisha kabla ya lolote, mpe chai na umsindikize.

Kuhusu serikali kuuchukua msitu: Sheria ya Taifa ya Misitu na Upandaji Miti ya 2003 inatenganisha hifadhi za misitu na misitu ya watu binafsi, na inatambua kwamba msitu wa asili ulio kwenye ardhi yako ni wako. Kuuandikisha kwa bodi ya ardhi ya wilaya hakuufanyi hifadhi ya serikali. Kunakupa karatasi inayokusaidia mtu akija na madai, na kunakufungua njia ya miradi. Hakukupi uhuru wa kukata utakavyo. Kibali na mpango wa usimamizi bado vinahitajika. Hofu ya watu inatokana na waliyoyaona kwenye mipaka ya hifadhi, ambako kesi zake ni tofauti. Kwako wewe hatari ya karibu zaidi iko ndani ya nyumba: ardhi bado ina jina la marehemu. Bila barua za usimamizi wa mirathi, ndugu yeyote anaweza kuuza miti leo na kesho mkakutana mahakamani. Na kama ndiyo ardhi mnayoishi na kujipatia riziki, Sheria ya Ardhi inataka mkeo aridhie kabla hujaiuza au kuiweka rehani. Hata kwenye kaboni, asitiwe sahihi yake kwa mlango wa nyuma.

Nimewaacha sokwe mwisho, ingawa ndio wanaonitia wasiwasi zaidi. Watu hudhani msitu ukifyekwa sokwe watahama. Bulindi, Hoima, walipofyeka misitu ya mitoni sokwe walibaki, wakawa wanategemea mashamba zaidi, na watoto wamewahi kujeruhiwa. Sokwe mwenye mkuyu ana sababu ndogo ya kuja kwenye fenesi lako. Usipande mahindi, fenesi wala maembe kwenye ukingo. Hii ni sababu nyingine ya kahawa, ambayo kwa kawaida hawaigusi. Watoto wasiende chemchemini peke yao, na pafyekwe njia pana ya kuona mbele. Ikiwezekana, maji yavutwe kwa bomba hadi nje ya msitu. Mkeo atakushukuru, na sokwe pia. Wakianza kuingia uani mara kwa mara, au mmoja akawa anawakabili watu, usingoje na usitege mitego: wapigie Mamlaka ya Wanyamapori, na weka kumbukumbu ya uharibifu kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, kwa kuwa Sheria ya Wanyamapori ya 2019 ina kipengele cha fidia. Fidia huchelewa, lakini bila kumbukumbu haiji kabisa.

Barua yangu haiwezi kuona mteremko wako wala kuhesabu miche yako. Kabla ya kukata mti wowote mkubwa, kabla ya kutia sahihi, na kabla ya kupanda chochote karibu na kijito, mlete afisa misitu wa wilaya pamoja na afisa wa mazingira. Atembee msitu mzima, asiishie barabarani. Mwombe awapimie mita 30 na kupiga vigingi mipakani, awaonyeshe mivule na mahogani ya kubaki kama wazazi, na aseme kama kipande chako kinaweza kuungana na cha jirani kando ya kijito, maana vipande viwili vilivyoshikana vinawafaa wanyama na kundi la kaboni kuliko vitano vilivyotengana. Suala la mirathi lipeleke kwa mwanasheria, au kwa ofisi za msaada wa sheria kama pesa hakuna. Chagua siku ambayo wadogo zako wote wawili wapo, na mkeo awatangulie njiani kwenda chemchemini, kwa sababu yeye ndiye anayejua ni mwezi gani maji hupungua.